Upepo Haukugeuka

Babu yangu ana maneno mawili ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto: "Mupepo uligeuka." Akishayasema anakaa kimya, na wewe unaelewa kwamba hadithi imeishia hapo.

Hadithi yenyewe ni ya Novemba 1996. Wengi wenu mnaosoma hapa mna ya kwenu inayofanana nayo. Vita ilikuwa imeshashuka kutoka Uvira kuelekea Fizi, na watu wa Ubwari wakaanza kuvuka ziwa Tanganyika usiku. Babu alikuwa mvuvi mwenye mashua ya mbao na tanga moja. Alipakia watu 14, mama yangu akiwa mmoja wao, msichana wa miaka 11. Nyuma ya mashua alifunga kwa kamba mtumbwi mdogo uliobeba nyavu, masufuria na magunia mawili ya mihogo mikavu. Ndani ya mtumbwi ule alikaa mdogo wake na kasia lake, ili auongoze usije ukagonga mashua.

Upepo ulitoka kaskazini, mgongoni mwao, ukiwasukuma kwenda Kigoma. Mama anakumbuka kwamba usiku ule ulikuwa mtulivu hata watoto walilala. Wamama walisema Mungu ametuliza ziwa. Karibu na alfajiri kamba ilikatika. Babu alipogundua, mtumbwi ulikuwa umeshabaki nyuma, mbali. Akageuza mashua kumfuata mdogo wake. Hapo hapo, anasema, upepo uligeuka. Ulikuwa mdogo, ghafla ukawa mkubwa. Tanga likaanza kupiga kwa kishindo, mashua ikalala ubavu, maji yakaingia. Wakashusha tanga, wakashika makasia, lakini hawakusogea, na maji yalizidi kuingia. Mwishowe babu akageuza tena kwenda kusini ili awaokoe wale 14. Walifika Kigoma mchana. Mdogo wake hakufika.

Mke na watoto wa yule mdogo wake walivuka baadaye kwa mashua nyingine, nao wako hapa Nyarugusu pamoja na sisi. Mtoto wao wa kwanza ninamwita mjomba. Kwenye misiba na harusi tunakaa pamoja, tunakula sahani moja, lakini kuna jambo halisemwi. Mara moja tu, nikiwa darasa la sita, nilimsikia mjomba akimuuliza mama yangu kwa sauti ya chini: "Mupepo gani ule unageuka kwa dakika moja?" Mama hakujibu. Kwa hiyo nimekua nikijua kwamba katika ukoo wetu upepo si habari ya hali ya hewa tu. Ni kesi.

Mimi sikusoma zaidi ya sekondari, na niliisomea hapa hapa kambini. Sasa ninafanya kazi na vijana, na moja ya shughuli zetu ni klabu ya sayansi ya Jumamosi. Mwaka jana tuliamua kutengeneza chombo cha kupima upepo. Nilipokwenda kutafuta namna ya kukitengeneza nilikutana na historia ndefu sana, na ndani ya historia ile nikakutana na babu yangu. Ndiyo maana ninaandika.

Watu walianza zamani kutaka kujua upepo una nguvu kiasi gani. Karibu mwaka 1450, Leon Battista Alberti wa Italia alieleza chombo rahisi: kibao kinachoning'inia mbele ya upepo. Upepo ukiwa mdogo kibao kinainuka kidogo, ukiwa mkubwa kinainuka sana, na pembeni kuna alama za kusomea. Katika miaka ya 1660 Robert Hooke wa Uingereza alieleza kingine cha aina hiyo. Lakini vyombo hivi vilifaa kwa mtu aliyesimama nchi kavu, juu ya nyumba au mlimani. Baharia hasimami. Yeye na chombo chake wote wanatembea, na hapo ndipo shida inapoanza.

Kuna simulizi inayosimuliwa sana kuhusu James Bradley, profesa wa elimu ya nyota huko Oxford. Tangu Desemba 1725 yeye na rafiki yake Samuel Molyneux walikuwa wakiangalia nyota moja ambayo kila mwaka ilionekana kuhama kidogo na kurudi, bila sababu wanayoielewa. Inasemekana kwamba mwaka 1728 Bradley alipanda mashua ya tanga kwenye mto Thames. Juu ya mlingoti kulikuwa na kishale cha kuonyesha upepo unatoka wapi. Aliona kwamba kila mara mashua ilipogeuka, kishale nacho kiligeuka kidogo, kana kwamba upepo umebadilika. Akawauliza mabaharia: mbona upepo unabadilika kila tunapogeuka? Wakamjibu kwamba upepo haubadiliki. Kinachobadilika ni mwendo wa mashua, na ndivyo inavyokuwa siku zote.

Mabaharia wale walikuwa wakijua jambo hilo kila siku ya kazi yao. Bradley ndiye aliyelipeleka mbinguni. Alielewa kwamba dunia yetu ni kama ile mashua, inatembea, na mwanga wa nyota ni kama ule upepo. Kwa hiyo nyota inaonekana kuhama, kumbe ni sisi tunaohama. Kwa hesabu hiyo aliweza kusema mwanga wa jua unatumia dakika 8 na sekunde kama 12 kufika kwetu, na hakukosea sana.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kuna pepo mbili kwenye mashua. Kuna upepo wa kweli, yaani ule ambao mtu aliyesimama ufukweni anausikia. Na kuna upepo wa chomboni, yaani ule anaousikia mtu aliye ndani ya mashua inayotembea. Upepo wa chomboni ni upepo wa kweli uliochanganyika na mwendo wako mwenyewe. Ukienda pamoja na upepo, unausikia mdogo. Ukienda kinyume chake, unausikia mkubwa. Mtu wa mashua hawezi kuusikia upepo wa kweli peke yake mpaka asimame kabisa, na mashua juu ya maji ni vigumu kusimama.

Sisi tulijaribu kwa baiskeli. Tulikata vitako vinne vya chupa za maji, tukavifunga kwenye ncha za spoku mbili zilizopishana kama msalaba, katikati tukaweka msumari ndani ya ganda la kalamu ili vizunguke. Kitako kimoja tulikipaka rangi nyekundu, ili tuhesabu mizunguko. Asubuhi yenye upepo, upande mmoja wa uwanja wa mpira, kijana mmoja alipanda baiskeli akakishika chombo mbele ya usukani. Alipoendesha kinyume cha upepo, vikombe vilizunguka mpaka hatukuweza kuhesabu. Aliporudi pamoja na upepo, vikombe vilisimama. Vilisimama kabisa, na huku majani ya miembe yanacheza na vumbi linapita. Watoto walipiga kelele. Mmoja akasema: "Dada, upepo umekufa!" Mwingine akamwambia: "Haujafa, unakwenda naye."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na wazo la babu kichwani. Lakini sikumwambia kitu, kwa sababu sikuwa na uhakika bado.

Nikaendelea kusoma. Mtu aliyefanya mengi kuhusu upepo wa baharini anaitwa Francis Beaufort, aliyezaliwa Ireland mwaka 1774. Akiwa kijana wa miaka 15 meli aliyosafiria ilizama, na ramani mbaya ilichangia. Nadhani mtu aliyewahi kuzama kwa ajili ya kipimo cha mtu mwingine hasahau. Maisha yake yote aliyatumia kwenye vipimo. Januari 1806, akiwa nahodha wa meli ya Woolwich, aliandika kwenye daftari lake kwamba kuanzia sasa atakadiria nguvu ya upepo kwa namba. Kabla ya hapo kila nahodha aliandika kwa maneno yake: huyu anasema upepo mzuri, yule anasema upepo mkali, na huwezi kujua kama wanasema kitu kimoja. Wazo la namba hakulitunga peke yake. Alexander Dalrymple alikuwa ameshalipendekeza, naye alilichukua kwa John Smeaton, fundi aliyechunguza vinu vinavyozungushwa na upepo.

Namba za Beaufort zilikwenda kutoka 0 hadi 13, kisha mwaka 1807 akazifanya ziishie 12. Na hapo akaongeza kitu cha maana. Hakusema upepo unakwenda kasi gani, maana hakuwa na chombo cha kupimia kasi hiyo. Alisema upepo unaifanya nini meli ya kivita. Namba 2 hadi 4 zilieleza meli itakwenda mwendo gani ikiwa imefungua matanga yake kwenye maji tulivu. Namba 5 hadi 9 zilieleza ni matanga gani meli inaweza kubeba ikiwa inamfukuza adui. Namba 12 ni upepo ambao hakuna tanga linaloweza kuuvumilia. Kwa maneno mengine, meli yenyewe ikawa kipimo. Mwaka 1829 Beaufort alifanywa mkuu wa ramani za bahari katika Jeshi la Majini la Uingereza. Meli ya Beagle iliyoondoka mwaka 1831, ile iliyomchukua Charles Darwin, ilitumia namba zake. Mwaka 1838 jeshi likaagiza meli zake zote zizitumie.

Kipimo kile kilikuwa na kasoro moja. Kilitegemea meli za aina moja, zenye matanga ya aina moja. Meli za mvuke zilipoingia, matanga yakaondoka, na kipimo kikabaki bila mwili. Ndipo watu wakageukia maji. Mwaka 1927 nahodha Mjerumani, Peter Petersen, aliandika jinsi uso wa bahari unavyoonekana kwa kila namba ya Beaufort: viwimbi kama magamba ya samaki, halafu mawimbi yanayoanza kuvunjika, halafu povu jeupe hapa na pale, halafu povu kila mahali, halafu povu linalovutwa kama mistari kufuata upepo. Kipimo hicho hakiulizi uso wako unasikia nini. Kinaangalia maji, na maji hayapandi kwenye mashua yako. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa.

Wakati huo huo nchi kavu walikuwa wanatafuta chombo cha kutoa namba kamili. Mwaka 1846 Thomas Romney Robinson, mnajimu wa Armagh huko Ireland, alitengeneza kipimaupepo cha vikombe vinne vinavyozunguka. Chombo chetu cha chupa ni mjukuu wa kile. Robinson alisema vikombe vinakwenda theluthi moja ya kasi ya upepo, hata viwe vikubwa au vidogo, hata mikono iwe mirefu au mifupi. Kwa hiyo ukipata mwendo wa vikombe unazidisha mara 3, umepata upepo. Watu wakaamini. Majaribio ya kwanza yalionekana kukubaliana naye. Namba zikaandikwa kwenye vitabu miaka na miaka.

Lakini haikuwa kweli. Baadaye ilionekana kwamba ile tatu inategemea ukubwa wa vikombe na urefu wa mikono, na inaweza kuwa kati ya 2 na zaidi kidogo ya 3. Upepo mwingi ulioandikwa vitabuni ulikuwa umezidishwa, na ikabidi majaribio yarudiwe. Fikiria: chombo kizuri, mtu mwaminifu, hesabu safi, na jibu si sahihi, kwa sababu hakuna aliyerudi kukagua ile namba ya kuzidishia.

Na makosa ya upepo yanaua. Tarehe 28 Desemba 1879, usiku wa dhoruba, daraja la reli la mto Tay huko Scotland lilianguka treni ikiwa juu yake. Walikufa watu kama 75. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliyelichora hakuweka nguvu ya upepo kwenye hesabu zake inavyotakiwa. Baada ya msiba ule Waingereza walianza kupima upepo kwa bidii nyingine. William Henry Dines alitumia mkono mrefu unaozungushwa kwa mashine, akafunga vipimaupepo mwishoni mwake. Mkono ule alijua unakwenda kasi gani, kwa hiyo angeweza kujua chombo kinasema kweli au kinadanganya. Mwaka 1892 alikuwa na chombo chake mwenyewe, kinachopima mgandamizo wa upepo ndani ya bomba. Mwaka 1926 John Patterson wa Kanada alionyesha kwamba vikombe vitatu ni bora kuliko vinne, na mpaka leo vipimaupepo vingi vya vikombe ni vya vikombe vitatu.

Sisi hatukuwa na mkono wa Dines, lakini tulikuwa na baiskeli. Asubuhi moja isiyo na upepo kabisa tulipima mita 100 uwanjani. Kijana akaendesha kwa mwendo mmoja, tukatumia sekunde 20, na chombo kikazunguka mara 26. Duara la vikombe vyetu lina upana wa sentimita 30, yaani mzunguko mmoja ni sentimita 94. Vikombe vilitembea kama mita 24 na nusu, wakati baiskeli imetembea 100. Kwa ile tatu ya Robinson chombo chetu kingesema tumekwenda mita 73. Namba yetu sisi ilikuwa 4 na kidogo, kwa sababu msumari wetu unasugua. Tukaiandika kwa kalamu nzito kwenye ubao wa chombo. Vijana walielewa siku ile kwamba huwezi kukopa namba ya mtu mwingine kabla hujaikagua na chombo chako.

Sasa turudi majini. Vipimaupepo vya umeme vilipopatikana, watu wa mashua za tanga waliviweka juu kabisa ya mlingoti, mahali upepo haujazuiwa na kitu. Kwenye mashindano makubwa kama America's Cup, katika miaka ya 1970 na 1980, walianza kuunganisha kipimaupepo, kipima mwendo na dira kwenye kompyuta ndogo, ili itoe mwendo wa mashua na kubakiza upepo wa kweli. Ungefikiri kazi imeisha. Kumbe ndiyo ilianza.

Kwanza, tanga lenyewe linaupinda upepo. Upepo unapokaribia tanga unaanza kugeuka kabla haujaligusa, kwa hiyo kishale cha juu ya mlingoti kinasoma upepo ambao tanga limeshauharibu. Ndiyo maana kifaa hufungwa kwenye fimbo ndefu inayotokeza mbele na juu. Pili, mashua ikilala ubavu, kifaa nacho kinalala, na vikombe havipokei upepo sawasawa. Tatu, mlingoti unajikunja na kujipinda, na kishale kinapinda nao. Nne, upepo wa juu na wa chini haulingani, maana chini unasuguana na maji. Wataalamu walikubaliana kupima katika urefu wa mita 10 ili watu waweze kulinganisha.

Na tano, mawimbi. Chukua mlingoti wa mita 15. Mashua ikiyumba nyuzi 15 upande huu kisha nyuzi 15 upande ule kwa sekunde 3, ile ncha ya juu inakuwa imesafiri karibu mita 8. Ni mita 2 na nusu kila sekunde, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Kifaa kinapima huo mwendo wake na kuuita upepo. Kwa hiyo siku hizi vinawekwa vihisi vinavyojua mashua inayumba namna gani, na kompyuta inatoa hayo yote.

Hata hivyo, mabaharia wana njia ya kukagua ambayo haihitaji fedha. Unakwenda upande mmoja kwa muda, unaandika upepo wa kweli unatoka wapi. Kisha unageuza mashua, unakwenda upande wa pili, unaandika tena. Kama vipimo vyako ni sahihi, majibu yatalingana. Kama kila ukigeuka upepo wa kweli nao unageuka, usiulaumu upepo. Kipimo chako ndicho kina kosa.

Mimi nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Ziwa letu lina historia yake ya matanga. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na majahazi huku zamani. Mwaka 1858 John Speke alivuka kutoka Ujiji mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani ya magharibi, akitafuta kuazima jahazi la mfanyabiashara Mwarabu. Mwaka 1878 alifika Ujiji Edward Hore, baharia aliyetumwa na wamisionari wa London, akazunguka ziwa kwa tanga miaka mingi akilichora. Babu alijifunza tanga kwa baba yake. Hakuna aliyempa namba, lakini alijua mambo mengi ambayo mimi nimeyajua kwa kusoma. Alijua kusoma povu. Ila usiku ule kulikuwa na giza, na maji hayaonekani gizani. Alibaki na uso wake tu.

Nikafanya hesabu, kwa mfano tu, maana hakuna aliyepima upepo wa usiku ule. Tuseme upepo wa kweli ulikuwa mita 6 kwa sekunde. Mashua inakwenda pamoja nao mita 3 kwa sekunde. Watu wa ndani wanasikia mita 3, upepo mwanana wa kulalia watoto. Sasa geuza mashua ielekee upepo, na tuseme mwanzoni bado ina mwendo wa mita 2. Ghafla wanasikia mita 8. Na nguvu ya upepo haiongezeki kama kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kwa hiyo zidisha 3 kwa 3, unapata 9. Zidisha 8 kwa 8, unapata 64. Ni nguvu ya mara 7, kwa muda wa kugeuza usukani, na upepo haujabadilika hata kidogo. Na mawimbi yaliyokuwa yanawasindikiza sasa yanawapiga usoni.

Nilikaa na hesabu hiyo wiki nzima, nikiogopa. Kama upepo uligeuka, basi ni mambo ya Mungu, na babu hana kosa. Kama haukugeuka, basi babu alikosea, aliupima vibaya usiku mzima. Nani mimi wa kumwambia hivyo mzee wa miaka zaidi ya 70?

Kabla sijamaliza, neno kidogo kwa ndugu zetu wa mashirika mnaotusomea hapa. Ninyi mnatupima sana: urefu, mkono wa mtoto, lita za maji, siku ambazo hatukula. Hatukatai, vipimo vimeokoa wengi. Lakini mara nyingine gari linafika kijijini, mtu anashuka na tableti, anauliza swali, na mama anajibu akiangalia gari. Jibu lile limechanganyika na mwendo wenu. Mimi pia hufanya kazi hiyo ya kuuliza, na nimeshaona nikienda kwa miguu bila fulana ya kazi, jibu linakuwa lingine. Jaribuni siku moja kupita upande wa pili kama mabaharia, muone kama majibu yanalingana.

Basi, Jumapili moja baada ya ibada nilimwomba babu aje uwanjani. Mjomba naye alikuwepo, alikuja kumwangalia mwanawe ambaye yuko klabu. Vijana wakaonyesha baiskeli. Kwenda: vikombe vinazunguka. Kurudi: vimesimama. Babu aliangalia mara ya kwanza bila kusema. Akaomba warudie. Akaomba tena.

Nikamwambia taratibu: "Babu, ule usiku labda upepo haukugeuka. Ulikuwa mkubwa tangu mwanzo, ila mlikuwa mnakwenda nao."

Alikaa kwenye jiwe muda mrefu. Halafu akasema: "Sasa, mama, kama mupepo haukugeuka, ni mimi niligeuka." Akamwangalia mjomba. "Niligeuka kumufuata baba yako. Ndiyo nikaukuta ule mupepo. Kama singegeuka, singeujua."

Mjomba hakusema kitu pale. Alimchukua mwanawe, wakaenda. Jioni alikuja nyumbani kwetu, akakaa mlangoni na babu, akamuuliza kamba ilikuwa ya aina gani, na mtumbwi ulikuwa mbali kiasi gani alipougeukia, na kama baba yake aliita. Maswali ya miaka yote. Babu alijibu moja moja. Sikusikia yote, na yale niliyosikia si ya kuandika hapa.

Ninaandika haya pia kwa sababu wenzetu wengine wanarudi ng'ambo, na vijana kadhaa niliowafundisha wameniambia watakwenda kuvua. Nawaomba jambo moja. Mkiwa ziwani na upepo uko mgongoni, na mnasikia raha, msiuamini uso wenu. Angalieni maji, angalieni povu, na kama ni usiku hamwoni maji, hesabuni kwamba upepo ni mkubwa kuliko mnavyousikia. Punguzeni tanga kabla ya kugeuka, si baada. Na kamba ya kuvutia mtumbwi, iangalieni mchana, kabla hamjaondoka.